Maswali Yenu: Asidi ya Betri Imemwagika, Nifanyeje?

SWALI: Nina kibanda cha kuchaji betri za sola. Asidi ikimwagika sakafuni, jirani yangu mtengeneza sabuni hunishauri niimwagie kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Ni sawa? – Msomaji, Arua

JIBU: Kostiki itaimaliza asidi kweli, lakini usiithubutu. Asidi ya betri iliyojaa chaji husoma karibu 1.28 kwenye haidromita, kifaa kinacholinganisha uzito wa asidi na wa maji. Hiyo ni kali. Ikikutana na kostiki joto hupanda ghafla, mchanganyiko ukaweza kuchemka na kukurukia. Na ukizidisha huna dalili ya kukuonyesha: sakafu inabaki na kostiki, na kwa macho hiyo ni mbaya kuliko asidi yenyewe.

Tumia soda ya kuokea, yaani bikaboneti. Si poda ya kuokea, maana hiyo imekwisha kuchanganywa na asidi yake pamoja na wanga. Lita moja ya asidi ya 1.28 inakula takriban gramu 800 za soda, basi uwe na kilo nzima. Vaa miwani, glavu za mpira na viatu vya kufunika mguu, kisha ufungue mlango. Zungushia mchanga isisambae, halafu nyunyiza soda kutoka pembeni kuja katikati, kidogo kidogo. Ukiimwaga yote kwa pamoja, povu litarusha matone ya asidi. Povu hilo ni kaboni dayoksaidi, na ndilo kipimo chako: likitulia, koroga kwa kijiti, ongeza kijiko kimoja. Lisipotoka tena, asidi imekwisha. Soda iliyozidi haina neno. (Saruji nayo huweza kutoa povu kabla hujaweka chochote, hapo asidi inaila sakafu.)

Jivu la kuni pia ni besi, yaani kinyume cha asidi, ila nguvu yake haikadiriki. Liwe la dharura tu.

Uchafu huo usiumwage karibu na kisima, kwani huweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu. Soda isiingie ndani ya betri, utaiua. Ngozi ikipatwa, vua nguo zilizolowa na uoshe kwa maji yanayotiririka dakika 20, bila soda. Jicho likipatwa, osha vivyo hivyo kisha nenda hospitali.

SWALI: Tulipima siki kwa kostiki maabara, methili oranji (rangi ya kuonyesha asidi imekwisha) ikageuka mapema mno. Kwa nini? – Mwanafunzi, Gulu

JIBU: Siki ni asidi dhaifu. Inapokwisha yote, chumvi iliyozaliwa huyaacha maji na ubesi kidogo, pH kama 8.7 (7 ndiyo katikati ya asidi na besi), ilhali methili oranji hugeuka kati ya 3.1 na 4.4. Tumia fenolfthalini, rangi inayogeuka karibu na hapo, na usimamishe bureti (mrija wa kudondoshea kostiki) kwenye waridi hafifu linalodumu sekunde 30. Likiwa waridi la kukolea, umepitiliza, rudia.