Harufu ya ukeni: acha kuosha ndani, nenda ukapimwe

Dada yangu, umeeleza kwamba unatokwa na ute mwepesi wa kijivu wenye shombo la samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, na kwamba kadiri unavyojiosha hadi ndani kwa sabuni ya manukato na maji ya ndimu ndivyo hali inavyozidi. Usafi huo wenyewe huenda ndio unaochochea tatizo. Uke wenye afya una bakteria wanaotengeneza asidi inayowazuia bakteria wengine wasizaliane ovyo. Ukiosha ndani unawaondoa walinzi hao, na harufu hurudi ikiwa kali zaidi. Osha sehemu ya nje tu kwa maji safi, na uachane na ndimu, shabu na marashi, hata kama aliyekufundisha ni somo wako.

Dalili zako mara nyingi huonyesha kwamba bakteria hao wengine wamezidi, hali inayotibika, kwa kawaida kwa vidonge vya metronidazoli vya siku 7. Hata hivyo, usivinunue kwa kubahatisha, kwa sababu ugonjwa wa trikomona hutoa harufu inayofanana, nao huambukizwa kwa kujamiiana, hivyo mwenzi wako angepaswa kutibiwa pia. Kituoni watachukua ute kidogo kwa pamba na kuupima, na unaweza kuomba uhudumiwe na mwanamke. Ikiwa una mimba, homa, maumivu chini ya kitovu au damu isiyo ya hedhi, nenda leo.