Jina la ukoo la Kihispania: mke wangu ana damu ya makabaila wa Hispania?

Swali: Mimi Mzanzibari, naishi Muscat, nimeoa Mfilipino, ukoo wao unaitwa Relox. Kuna watu mtandaoni wanataka pesa watutumie nembo ya ukoo na cheti kwamba wazee wake walikuwa makabaila wa Hispania, eti kitamsaidia kupata paspoti ya huko. Tulipe?

Jibu: Msilipe ndugu yangu. Relox ni reloj ya kizamani, yaani saa, hii ya mkononi au ya ukutani, basi.

Swali hili naletewa kila siku na kinachoniuma ni watu kuamini jina la Kihispania ndio damu ya Kihispania. Sio! Tarehe 21 Novemba 1849 gavana wa Hispania aliyetawala huko, Narciso Clavería, aliamuru kila familia Ufilipino iwe na jina la ukoo la kudumu, maana akina de la Cruz na de los Santos walijaa kila kona, baba na mwanawe kila mtu na lake, na mtoza kodi hajui nani kalipa nani bado. Likachapwa daftari la majina kama 60,000 kwa alfabeti, ya Wahispania, ya mimea, madini, ufundi, hata maneno ya kienyeji, miji ikagawiwa kurasa, baba wa nyumba anachagua hapo. Ndio maana ukienda Oas, mkoa wa Albay, mpaka leo koo nyingi majina yao yanaanza na R. Wawili wana jina moja na hawana hata babu mmoja!

Sasa hawa wauza nembo, wanajua fika nembo Hispania alipewa mtu na kizazi chake, halikupewa jina, na bado wanauza. Na paspoti ndio uongo mkubwa zaidi, Mfilipino anaruhusiwa kuomba uraia wa Hispania akishaishi huko kihalali miaka 2 badala ya 10, kwa sababu ni Mfilipino, awe Relox au awe na jina la Kichina. Hata ile sheria ya 2015 ya Wayahudi wa asili ya Hispania, watu walirushiana orodha za majina wakatapeliwa, wakati jina peke yake halikumpa mtu kitu, na dirisha lenyewe lilifungwa Oktoba 2019. Anayekuuzia cheti cha jina mwaka huu anakuibia, mkimbie.

Mkitaka asili ya kweli shemeji aanze na bibi yake, kijiji gani, parokia gani, halafu mfungue vitabu vya ubatizo, vingi vipo bure kwenye tovuti ya FamilySearch, mrudi nyuma taratibu hadi mvuke 1849, pengine mtamkuta mzee yuleyule kaandikwa kwa jina jingine kabisa.