Lipe jua mgongo: jibu kwa aliyechoshwa na machweo ya Hippo Point

Mleta uzi, umesema umehamia Kisumu kikazi, una simu yenye kamera nzuri, jioni unashuka Hippo Point, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kupiga machweo, na sasa picha zako zote zinafanana. Unauliza ununue kamera gani, na zaidi ya Hippo Point uende wapi. Nianze na hilo la pili. Kamera inaweza kusubiri.

Mimi ni mwenyeji wa hapa, kazi yangu ni ya ofisini, na picha kwangu ni mapenzi matupu. Sijawahi kuuza hata moja wala sina mpango huo. Nikitoka kazini nateremka ziwani. Jambo ninalomwambia kila anayeanza huku kwetu ni moja tu: jua likianza kushuka, lipe mgongo.

Sababu ni hii. Kisumu iko kwenye Ikweta, kusini yake kidogo tu, na jua letu halizami kwa mshazari kama la nchi za kaskazini. Linateremka wima. Zile video za mafunzo zinazokuambia una saa nzima ya mwanga wa dhahabu zimetengenezwa na watu wa Ulaya. Hapa, jua likibaki nyuzi sita juu ya maji, una dakika kama 25 hivi, basi. Mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, kisha giza linaingia haraka. Sasa katika dakika hizo chache, watu wote pale Hippo Point wameelekeza simu magharibi kupiga lile duara. Duara ni lile lile la jana. Mwanga wenyewe, ule uliowatoa nyumbani, unaangukia nyuma yao na hakuna anayeuangalia.

Geuka. Utaona nyuso za watu zimepakwa rangi ambayo mchana haziwezi kuwa nayo, kwa sababu saa sita jua liko utosini na linaweka kivuli ndani ya macho ya kila mtu. Utaona maandishi ya rangi ubavuni mwa mitumbwi yakisomeka hadi mkwaruzo wa mwisho. Mafunjo yanageuka, kijani yake inakuwa ya shaba. Na mbali kule mashariki, nyuma ya mji, kuna ukingo wa milima ya Nandi. Mchana upepo wa ziwa husukuma hewa yenye unyevu kuelekea milimani, hewa ikipanda inakuwa wingu, na ikifika jioni mara nyingi pale juu pamesimama mawingu makubwa yanayotazamana uso kwa uso na jua linalozama. Chini yana rangi ya buluu nzito, vichwani ni waridi. Hayo ndiyo machweo ninayoyapenda mimi, na yako upande ambao hakuna simu hata moja.

Faida nyingine ya kugeuka ni upinde wa mvua. Upinde haukai popote unapopenda: huonekana upande ulio mkabala na jua, na jua lazima liwe chini ya nyuzi 42. Ndiyo maana ukisimama hapa saa sita mchana hutauona hata mvua inyeshe vipi. Lakini kuanzia saa kumi hivi alasiri, mvua ikiwa inateremka kutoka Nandi na upande wa ziwa bado kumeachia, basi jua linaingia chini ya wingu na kila kitu kimekaa mahali pake. Msimu wa mvua, Aprili hasa, ukiona giza mashariki na mwanga magharibi, acha ulichokuwa unafanya.

Nikupe mfano wa kilichonitokea Dunga, ufuko wa wavuvi. Nilikuwa nimeinama nikipiga omena (dagaa wa ziwani) iliyoanikwa kwenye nyavu chakavu chini. Wengi huipita omena bila kuitazama, na ni kosa. Ishushe simu mpaka ibaki kimo cha kiganja kutoka kwenye wavu, jua likiwa linakuja kwa ubavu, uone: kila samaki ana ubavu wa fedha, mgongo wa kijivu unaokaribia kijani, na jicho kama nukta ya wino. Pale waliporundikana, fedha inameguka vipande vipande kila mama anapopitisha mkono kuigeuza. Nilikuwa hapo niliposikia kelele. Matone makubwa yalikuwa yameanza kupiga mabati ya vibanda, na akina mama wote wakakimbilia nyavu, kila mmoja akishika pembe, wakikunja omena katikati, wakiitana kwa majina. Jua halikuwa limefunikwa bado. Likawa linawapiga wao, linapiga matone, na nyuma yao anga imekuwa nyeusi ti. Yangeyange wawili waliokuwa wakinyemelea omena wakaruka, weupe wao dhidi ya lile wingu sijui nikueleze vipi. Kisha upinde ukajitokeza, halafu wa pili juu yake, ule hafifu ambao rangi zake zimepangwa kinyume.

Kijana mmoja wa mitumbwi akaniuliza, "Omera (yaani ndugu), unapiga nini huko? Jua si liko huku?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akageuka, akapiga kelele akiita wenzake, nao wakaja wakasimama mvuani wakicheka. Picha ninayoipenda kutoka siku ile haina upinde wenyewe. Ni ya mama mmoja aliyejifunika kichwa kwa pembe ya wavu, ameinua uso kuutazama, na mkononi mwake, juu kidogo ya kifundo, gamba moja la omena limeganda na linang'aa. Sikupanga. Nilikwenda kupiga samaki.

Kwa simu, jambo la kujua katika hali kama hiyo ni kwamba simu haipendi giza. Ikiona wingu jeusi inalichangamsha mpaka linakuwa kijivu na uzuri wote unapotea. Bonyeza pale penye mwanga mkali, usiachie mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha telezesha kidole chini kupunguza mwanga. Picha ikionekana nyeusi kidogo kuliko ulivyozoea, hapo ndipo.

Asubuhi mambo yanageuka. Jua linatoka upande wa nchi kavu, kwa hiyo ukisimama ufukweni kutazama ziwa tayari liko mgongoni mwako. Ziwa huwa limetulia, kwa maana ule upepo wa mchana haujaanza, na mitumbwi ya usiku ndiyo inarudi. Dunga hapo ndipo pa mdiria yule mweusi na mweupe. Anasimama hewani palepale, mabawa yakipiga, kichwa hakitikisiki hata kidogo, kisha anaanguka majini. Ukikaa karibu na nguzo au kijiti anachorudia atakuzoea. Hao ndege wa kwenye mafunjo, kama yule mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano anayetafutwa na watalii, utawasikia zaidi kuliko kuwaona. Chukua kijana wa kukuongoza kwa mtumbwi. Vijana hao wanajua ndege wanalala wapi.

Halafu fuata mwezi. Mwezi mpevu huchomoza mashariki karibu wakati uleule jua linapozama magharibi, na kwa dakika chache una mwanga wa kutosha kupiga mwezi na nchi pamoja bila kimoja kuharibu kingine. Panda vilima vya Riat uone. Na kuna jambo ambalo wavuvi walinifundisha: omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazivuti samaki vizuri mwezi ukiwa mkubwa. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi iko ufukweni, imelazwa, watu wanatengeneza nyavu na wana muda wa mazungumzo. Siku za giza ni kinyume chake. Angalia ziwani saa mbili usiku, taa zimetapakaa, utadhani kuna mji mwingine majini.

Radi nazo. Usiku nchi kavu inapoa, upepo unageuka na kuelekea ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati, na dhoruba zinazaliwa huko. Ndiyo maana mchana tunapata radi za milimani na usiku tunaona za ziwani. Weka simu kwenye stendi, fungua shata (kile kijilango kinachoingiza mwanga) sekunde kumi au zaidi, uache ziwa likupe kitakachokuja. Lakini fanya hivyo ukiwa barazani au dirishani. Radi huku magharibi huua watu, na hakuna picha inayostahili kusimama uwanjani wakati huo.

Umesema pia utakuwa ukipita Nakuru. Usitarajie ule ukingo mzima wa ziwa uliojaa waridi ya flamingo kama kwenye kadi za zamani. Tangu miaka ya 2010 hivi ziwa limepanda sana, likameza barabara na miti, na maji yalipozidi, chumvi ikapungua, na pamoja nayo ule mwani ambao flamingo wanakula na unaowapa rangi. Flamingo wengi walihamia Ziwa Bogoria na kwingineko, wengine huja na kuondoka. Mimi bado naenda, na naenda kwa ajili ya miti. Ile migunga ya manjano iliyofunikwa na maji ilikufa ikiwa imesimama, na sasa mashina yake meupe yamejaa minandi wanaokausha mabawa. Inahuzunisha na ni nzuri mno, yote mawili kwa pamoja. Ukiwa na jioni moja tu, iendee Baboon Cliff. Mwamba huo uko upande wa magharibi wa ziwa, kwa hiyo alasiri unasimama na jua kisogoni, ziwa lote likiwa limewashwa mbele yako. Watu hupenda kwenda asubuhi kwa sababu ya baridi na wanyama, kisha wanalalamika picha zimepauka.

Mahali ambapo ushauri wangu wa mgongo haufanyi kazi ni msitu wa Kakamega. Kule jua ni adui. Linapenya majani kwa madoa madoa, mbega mweusi na mweupe anakuwa kiraka cheupe kinachounguza picha na kiraka cheusi kisicho na kitu. Nenda siku ya mawingu, na Kakamega haikosi mawingu. Mwanga wa wingu unaenea sawasawa, kijani inakuwa nzito, na turako yule mkubwa wa buluu akitua tawini unaona kishungi chake chote na mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu. Simu itahangaika na giza la chini ya miti, hapo kamera inaanza kuwa na maana.

Kuhusu watu, nisiache. Wavuvi na akina mama wa samaki wamechoka na wageni wanaopiga na kupotea. Salimia kwanza, kaa, nunua samaki, kisha omba. Mama mmoja aliniuliza, "Picha zetu mnazipeleka wapi?" Swali la haki kabisa. Tangu hapo nachapisha za karatasi mjini na kuwarudishia wenyewe, na nikifika naitwa kwa jina. Zile nyakati zisizotarajiwa unazozisoma kwa wapiga picha wakubwa hutokea zaidi mbele ya mtu ambaye watu wameshamzoea. Watoto usiwapige bila ruhusa ya mzazi, hata wakikuomba wenyewe.

Basi kamera. Kwa nyuso, mitumbwi, mawingu na upinde, simu yako inatosha kabisa, usiongeze shilingi. Ukivutwa na ndege, hapo simu haitakufikisha: unahitaji lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 300 kwenda juu, na mdiria anataka kasi ya shata ya 1/2000 akiwa anaanguka. Mwili wa kamera wa mkono wa pili wa miaka kadhaa iliyopita unafaa, weka pesa kwenye lenzi. Kitu cha kukagua hapa kwetu ni kuvu. Unyevu wa ziwa huotesha nyuzi nyuzi ndani ya vioo vya lenzi, kama za utando, na kuziondoa ni gharama. Elekeza lenzi kwenye mwanga wa tochi, fungua tundu la lenzi lote, chungulia kutoka nyuma. Ukishanunua, ihifadhi kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kufyonza unyevu, usiiache ndani ya mfuko wake miezi. Na kabla hujalipa, mwombe muuzaji upige picha chache za ukuta mweupe na za kitu cha mbali, uzitume hapa. Tuko wengi humu wa kuziangalia.