Kipimo kilekile, gerezani kinanasa, sokoni kinasumbua: tatizo ni mashine?

SWALI: Naratibu timu inayotafuta wagonjwa wa kifua kikuu. Tuna gari lenye eksirei. Picha ya kifua inasomwa na programu ya kompyuta inayotoa alama, na mwenye alama za juu anatoa makohozi yanayopimwa kwa GeneXpert, mashine ya maabara inayotafuta vinasaba vya vimelea. Gerezani kazi ilikwenda vizuri. Tulipohamia sokoni, tukapata foleni ndefu ya watu wenye "picha mbaya" ambao karibu wote maabara iliwakuta hawana kitu. Hata wale wachache waliothibitishwa, daktari anasema baadhi hawaonekani kuwa wagonjwa. Je, mashine imeharibika, au wataalamu wetu wanakosea?

JIBU: Ndugu mratibu, kabla hujamwita fundi, chukua kalamu tupige hesabu.

Tuchukue kipimo cha awali chenye sifa za chini kabisa zinazokubalika na Shirika la Afya Duniani (WHO): kinanasa wagonjwa 90 kati ya 100, na kati ya watu 100 wasioumwa kinawaachia 70 na kuwatilia shaka 30. Tuseme gereza lina watu 1,000, na 50 kati yao wana kifua kikuu. Kipimo kitawanasa 45, na kitawazoa pamoja nao watu 285 wasioumwa. Watakaotoa makohozi ni 330.

Sasa twende sokoni, ambako tuseme mgonjwa ni 1 kati ya watu 200. Ili uwanase wagonjwa 45, itakubidi upime watu 10,000, na watakaopelekwa maabara ni 3,030. Mashine ni ileile, mpigapicha ni yuleyule. Kilichobadilika ni idadi ya wagonjwa waliomo kwenye kundi ulilolipima.

Daktari wako naye ana hoja. Tuseme kipimo cha makohozi kinawathibitisha wagonjwa 85 kati ya 100, na kinawasingizia watu 2 tu kati ya 100 wasioumwa. Gerezani utapata 38 wa kweli na 6 wa kusingiziwa. Sokoni utapata wa kweli 38 vilevile, na 60 wa kusingiziwa. Yaani kipimo kizuri, mikononi mwa watu makini, kinatoa majibu chanya ambayo zaidi ya nusu si ya kweli! Viwango hivi nimevichagua kwa ajili ya mfano; weka vya kwenu uone vinakupeleka wapi.

Lakini daktari asimwache mtu kwa sababu tu hakohoi. Tafiti za kitaifa za kupima jamii nzima, zilizofanyika nchi nyingi, zimeonyesha kuwa karibu nusu ya waliothibitishwa kuwa na kifua kikuu hawakutaja dalili yoyote. Ndiyo maana mkachukua eksirei badala ya kuuliza maswali peke yake.

Kwa hiyo mtu wa sokoni aliyepata jibu chanya mfanye hivi. Kwanza muulize: uliwahi kutumia dawa za TB? Swali hili moja linaokoa mengi. Kovu la ugonjwa wa zamani huipandisha alama ya programu, na GeneXpert inasoma vinasaba vya vimelea bila kujua kama vimekufa au viko hai. Ikiwa mnatumia Xpert Ultra, toleo jipya zaidi la kipimo hicho, na jibu ni lile la kiwango cha chini kabisa ("trace"), kwa mtu mzima asiye na VVU rudieni kwa makohozi mapya, na mkiweza vimelea vioteshwe maabara. Kwa mtoto au mwenye VVU, jibu hilohilo linahesabiwa kuwa chanya, maana vimelea vyake mara nyingi ni vichache na kuchelewa kunaua.

Kuhusu alama za programu: je, mpaka wa kumpeleka mtu maabara mliupanga wenyewe, au mliukuta kwenye mashine? Wengi wanaukuta. Mpaka huo unapaswa kupangwa kwa takwimu za watu mnaowapima, na gereza lenye watu wengi wenye makovu ya mapafu halitapangiwa sawa na soko. Pia kumbuka mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 ulipendekeza programu hizi kwa wenye miaka 15 na zaidi. Watoto wasomewe picha na binadamu.

Mwongozo huohuo unapendekeza kupima jamii nzima pale tu wagonjwa wanapofikia 0.5% au zaidi. Wanaotangulia ni wanaoishi na VVU, waliokaa nyumba moja na mgonjwa, wafungwa, na wanaofanya kazi kwenye vumbi la mawe kama wachimbaji. Najua soko linajaza ripoti, na wafadhili wanapenda kuona "watu 10,000 wamepimwa". Mimi ningeuliza mlipima wangapi kumpata mgonjwa mmoja. Mafuta ya gari yangeenda kwenye nyumba za wale wagonjwa 38 wa kweli.

Huko majumbani kuna faida nyingine. Aliyeishi na mgonjwa akakutwa haumwi, bado anaweza kuwa amebeba vimelea vilivyolala, na hapo anafaa kupewa dawa za kinga: isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa miezi 3 ni mojawapo ya njia. Mtoto wa chini ya miaka 5 asisubiri. Na kwa mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, picha safi isiwatulize. Kipimo cha mkojo cha LAM kinaweza kumgundua mgonjwa ambaye hana hata makohozi ya kutoa.

Gerezani nako, msijisifu mapema. Pimeni mtu anapoingia, kila baada ya muda akiwa ndani, na anapotoka. Aulizwe kwa faragha, mbali na askari, na akikataa isiwe kosa. Mfungwa akiachiwa Ijumaa na majibu yake yakatoka Jumatatu, mmempoteza. Chukueni jina la kliniki atakayokwenda siku ileile anayotoa makohozi.

Kwa wiki hii, ongezeni safu mbili kwenye daftari la sokoni: "aliwahi kutumia dawa za TB" na "aliishi na mgonjwa". Kisha wapangeni upya waliopata majibu chanya kwa safu hizo, mkae na daktari, mwamue nani arudie makohozi kabla hajaanzishiwa dawa.