Ziba kwanza, pampu baadaye
Umeuliza kama pampu kubwa inatosha boti ikitoboka baharini. Wala usiitegemee peke yake. Tundu la sentimita 5 tu, mita 1 chini ya maji, huingiza lita 300 hivi kwa dakika. Pampu nyingi za boti ndogo hapo zimeshindwa. Gongomea kigingi cha mbao laini kilichozungushiwa kitambaa, au pitisha turubai kwa nje, maji yenyewe yatalibana. Mwaka 1770 mabaharia wa nahodha Mwingereza James Cook waliiokoa meli yao Endeavour hivyo, ilipotobolewa na mwamba Australia: walivuta chini ya meli tanga lililopachikwa nyuzi za kamba na sufu, kisha pampu moja ikamudu. Na abiria wasirundikane upande mmoja, maji ya ngama, yaani yaliyojikusanya chini ndani ya boti, hukimbilia hukohuko na kuzidi kuiinamisha.