Ndege za vita huku Kusini: maswali yenu

Tangu nigusie uwanja wa ndege wa Lindi mmenimiminia maswali. Nimeyafupisha, majina nimeyaacha.

Shikamoo mzee. Marehemu babu alisema Mjerumani alituma meli ya angani ije itue Makonde. Ni hadithi tu? (Newala)

Marahaba. Babu hakukudanganya. Chombo hicho kiliitwa L 59, urefu wake mita 226 na kitu, tumbo limejaa haidrojeni, nahodha Ludwig Bockholt. Kilipaa kutoka Yambol, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 na shehena ya tani 15 hivi za bunduki, risasi na dawa za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lililokuwa limebanwa huku kwetu.

Kinachonivutia ni kwamba hakikutarajiwa kurudi. Gesi ya kukijaza tena isingepatikana huku, basi kila kiungo chake kilipangiwa kazi mapema: kitambaa kishonwe mahema na nguo, mifupa isimamishwe kuwa mlingoti wa redio.

Kilivuka Mediterania na jangwa la Misri mpaka Sudan, magharibi ya Khartoum. Usiku wa kuamkia tarehe 23 kikaamriwa kwa redio kigeuze, maana Berlin ilikwisha kuarifiwa kwamba nyanda za Makonde zinaangukia mikononi mwa Waingereza. Wapo wanaoshikilia kuwa Waingereza ndio waliotuma amri hiyo kwa hila. Inasimulika vizuri, lakini mimi siiamini. Kilitua Yambol tarehe 25, baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kugusa ardhi. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akawapiga Wareno pale Ngomano na kujizolea silaha zao. Alichoshindwa kuletewa kutoka Ulaya alikipata ng'ambo ya mto.

Aprili 1918 L 59 ililipuka karibu na Italia, wote waliokuwamo wakafa.

Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha Rufiji, jirani zetu. Mbona Waingereza walihangaika nayo miezi mingi vile? (Kilwa)

Kwa sababu ya mikoko na kina cha maji. Meli kubwa hazikuweza kuingia deltani, na waliobaki baharini hawakuona kitu. Wakaleta ndege za majini, lakini joto na unyevu vikazishinda: gundi ililegea, injini zikakosa nguvu ya kupanda. Mwishowe waliweka kiwanja Mafia, wakaleta na meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey.

Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mtazamaji wake Arnold walizunguka juu wakiwaelekeza wapigaji mizinga: ongeza, punguza, kushoto kidogo. Risasi ikaharibu injini yao. Huku ndege inashuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Waliangukia mtoni, wakaokolewa wote wawili, na manowari ikaisha siku hiyo. Wajerumani hawakukubali hasara tupu, waliopoa mizinga yake 10 wakaiburuta nchi kavu.

Je, ndege zilipigana pale Mahiwa? (Lindi)

Waingereza waliishika Lindi Septemba 1916, na mwaka uliofuata ndege zao zikawa zinaruka kutoka huko. Zilikuwa za mbao, nyaya na kitambaa. Mabomu ziliangusha, ila kazi yao kubwa ilikuwa kuchungulia, na chini ya miti yetu askari wa Mjerumani hawakuonekana kirahisi. Mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, yaliamuliwa na watu mitaroni. Upande wa Waingereza peke yake walikufa, kujeruhiwa au kupotea watu wapatao 2,700, Wanaijeria wakiwamo.

Swali ambalo hakuna aliyeniuliza ni nani alifyeka viwanja hivyo, na nani alibeba mizigo pale gari lisipopita. Rubani ana medali na jina lake kitabuni. Wapagazi waliofia utumishi wa Waingereza wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa, na majina yao hayakuandikwa popote pa maana.

Babu yangu alikuwa keya, askari wa Kiafrika wa Mwingereza, alipigana Burma. Alidai walikuwa wakila chakula kilichotoka mbinguni. (Masasi)

Alisema sawasawa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya kule, barabara zikiwa tope tupu. Ndege za Dakota ziliwadondoshea mahitaji. Risasi zilikuja kwa miavuli, magunia ya mchele mara nyingi yalitupwa hivihivi, na ole wake aliyesimama chini. Kama kitabu chake cha kuachishwa jeshi bado kipo, tazama namba ya batalioni. Ndiyo itakayokuonyesha alipita wapi.

Uwanja wa ndege wa hapa ulijengwa na FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji? (Nachingwea)

Hapana. Asili yake ni mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951. FRELIMO walikuja na kambi yao miaka ya 1960.

Na kwa kuwa umewataja: mwaka 1963 rubani wa jeshi la Ureno, Jacinto Veloso, alitoroka na ndege yao kutoka Msumbiji mpaka Tanganyika, akajiunga na chama hichohicho. Baada ya uhuru akawa waziri Maputo.