Silali, nawagombeza watoto bure

Swali: Shikamoo shangazi, mie nakaa Ngamiani, Tanga, nina watoto watatu, mume anarudi usiku kachoka, mie simu mkononi mpaka saa saba, asubuhi nawafokea watoto halafu nalia. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu, pole sana. Anza na hiyo simu, iache sebuleni ukienda kulala, maana mtu mzima anahitaji kama saa 7 za usingizi na wewe unalala saa saba usiku unaamka alfajiri, utaachaje kuwa mkali? Jioni jua likipoa wachukue watoto mshuke ufukweni Raskazone mtembee, dakika 30 siku 5 za wiki zinatosha kabisa, upepo wa bahari unapiga, wao wanakimbia huku na huku na wewe kichwa kinapumua. Chai ya usiku punguza. Mumeo akirudi mwache ale kwanza, ndo umwambie kama ulivyoniambia mie, usifiche kitu.

Ila hiko kilio, mwanangu, kikifika wiki 2 na hamu ya kula imepotea, nenda hospitali useme wazi, huo ni ugonjwa kama malaria na unatibika. Na watoto waombe radhi leo leo, wanaelewa.